Julai 7: Kwa nini siku moja ni sherehe kwa wengine na kilio kwa wengine?

Kila asubuhi, kabla ya taarifa ya habari ya saa moja, kipindi chetu kina kipengele cha dakika tatu kiitwacho "Siku kama ya leo". Nasoma waliozaliwa tarehe hiyo, waliofariki, na mambo makubwa yaliyotokea miaka ya nyuma. Wengi wenu mnakipenda kwa sababu ni kifupi na kila siku kina jipya.

Miaka michache iliyopita, asubuhi ya Julai 7, nilikimaliza kwa maneno haya: "Sabasaba njema kwa wasikilizaji wetu wote, wa huku na wa ng'ambo ya mpaka." Redio yetu inasikika vizuri upande wa Kenya, na tuna marafiki wengi kule. Wimbo haujafika katikati, ujumbe ukaingia kwenye simu ya studio: "Mtangazaji, huku kwetu Sabasaba hatutakiani heri. Sisi siku hiyo tulizika."

Sikuwa na la kujibu. Nikaweka wimbo mwingine. Baada ya kipindi nikampigia yule mama, nikamwomba radhi, naye akanieleza kwa upole kile ambacho nilipaswa kukijua kabla ya kukaa mbele ya maiki.

Tangu hapo kila Julai inapokaribia mnaniuliza maswali yanayofanana. Kwa nini Sabasaba ya Tanzania ni maonesho na ya Kenya ni maandamano? Kiswahili nacho kimeingiaje hapo? Je, ni bahati tu mambo mengi kuangukia tarehe moja? Makala hii ni jibu. Isome taratibu, na ukiweza msomee mzee aliye karibu nawe, maana huenda ana ya kuongeza.

Julai 7, 1954: Chama kinazaliwa Dar es Salaam

Tuanze na tukio lililoipa siku hii jina lake. Mwaka 1954 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Haikuwa koloni la kawaida. Ilikuwa nchi iliyowekwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na Uingereza ilikabidhiwa kuisimamia. Kwa maneno mengine, Mwingereza alikuwa na mtu wa kumuuliza maswali. Jambo hilo lilikuja kuwa na maana kubwa.

Waafrika walikuwa tayari na chama chao, kilichoanza mwaka 1929 Dar es Salaam kwa jina la African Association, na baadaye kikaitwa TAA. Kilikuwa na matawi mikoani, lakini kwa muda mrefu kilishughulikia zaidi ustawi wa watu kuliko kudai utawala.

Mambo yalikuwa yanabadilika, na kwa sisi wa vijijini inafaa kukumbuka kwamba ardhi ilichangia sana mabadiliko hayo. Mwaka 1951 Wameru waliondolewa kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuupeleka mgogoro huo Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudishwa wakati ule, lakini watu wa Tanganyika waliona kwamba mtu wa kijijini anaweza kusimama mbele ya dunia akaeleza shida yake.

Mwaka 1953 TAA ilimchagua rais mpya, mwalimu wa shule ya Pugu aliyeitwa Julius Nyerere. Mwaka mmoja baadaye, siku ya Jumatano, Julai 7, 1954, wajumbe walikutana Dar es Salaam wakaigeuza TAA kuwa chama kamili cha siasa, Tanganyika African National Union, yaani TANU. Miongoni mwa waasisi wake walikuwamo Abdulwahid Sykes, John Rupia, Dossa Aziz, Saadani Kandoro na Tewa Said Tewa. Safari hii hawakutaka kuboreshewa maisha chini ya Mwingereza. Walitaka kujitawala.

Machi 1955 Nyerere alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kule New York. Aliporudi ilimbidi achague kati ya kufundisha na siasa, akaacha ualimu. Desemba 9, 1961, Tanganyika ikawa huru. Ukihesabu kutoka siku TANU ilipozaliwa, ni miaka saba na miezi mitano.

Siku ya saba ya mwezi wa saba. Kwa Kiswahili inatamkika vizuri mno: saba saba. Haihitaji kukaririwa. Mtoto wa darasa la kwanza anaikumbuka, na bibi asiyejua kusoma anaikumbuka. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya tarehe hii kudumu midomoni mwa watu, wakati tarehe nyingine za miaka ile zimebaki vitabuni.

Kutoka sikukuu ya wakulima hadi maonesho ya biashara

Vijana wengi wa Tanzania leo wakisikia Sabasaba wanafikiria viwanja vya Mwalimu Nyerere pale Barabara ya Kilwa, Temeke, ambako Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam hufanyika kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai. Wanafikiria mabanda, bidhaa kutoka nje, mashine mpya na foleni ya magari.

Lakini ukimuuliza mzee, atakwambia kwamba zamani Sabasaba ilikuwa pia sikukuu ya wakulima. Watu walipeleka mazao yao uwanjani, na mwenye mkungu mkubwa wa ndizi au ng'ombe aliyenona alisifiwa mbele ya wenzake. Baadaye siku ya wakulima ilihamishiwa Agosti 8, ndiyo Nane Nane tunayoijua, yenye viwanja vyake kama Themi kule Arusha, Nzuguni Dodoma na John Mwakangale Mbeya. Julai 7 ikabaki na biashara na viwanda.

Ona basi. Tarehe haikubadilika, lakini shughuli yake ilibadilika. Kwanza siku ya chama, halafu siku ya mkulima, kisha siku ya mfanyabiashara. Watu ndio walioamua, na kila kizazi kilitia chake.

Julai 7, 1990: Kamukunji

Sasa tuvuke mpaka, turudi kwa yule mama aliyeniandikia.

Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963. Mwaka 1982 Bunge liliongeza kwenye Katiba kifungu kilichokuja kujulikana sana, kifungu cha 2A, kilichosema kwamba KANU ndicho chama pekee cha siasa nchini. Kuanzisha chama kingine kukawa ni kuvunja sheria.

Mei 1990 wanasiasa wawili waliowahi kuwa mawaziri, Kenneth Matiba na Charles Rubia, walijitokeza hadharani kudai mfumo wa vyama vingi. Wakaomba kibali cha kufanya mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, siku ya Jumamosi, Julai 7. Serikali ya Rais Daniel arap Moi ikakataa. Siku tatu kabla ya mkutano, Matiba na Rubia wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Raila Odinga naye alikamatwa.

Siku ilipofika, watu walikwenda Kamukunji hata hivyo. Wengine walinyoosha vidole viwili juu, alama ya kudai zaidi ya chama kimoja. Polisi na kikosi cha GSU waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, marungu na risasi. Ghasia zikaenea mitaani Nairobi na katika miji mingine, zikaendelea kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua 20 waliuawa, na mamia wakatiwa mbaroni. Wengi wa waliokufa hawakuwa viongozi. Majina yao hayako kwenye kipengele cha redio cha dakika tatu.

Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi kama zamani. Lakini dai lenyewe halikufa. Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na mwisho wa mwaka 1992 Wakenya walipiga kura katika uchaguzi wa vyama vingi. Moi alishinda. Matiba, ambaye alikuwa kizuizini mwaka mmoja na nusu tu nyuma, alishika nafasi ya pili.

Kwa hiyo jirani yetu wa Kenya akisema "Saba Saba", hazungumzii maonesho wala mapumziko. Anazungumzia siku ambayo watu walitoka kudai haki, wengine wasirudi. Siku hiyo hukumbukwa kila mwaka, na wakati mwingine yaliyopita hujirudia. Julai 7, 2025, ilipotimia miaka 35, maandamano yalifanyika tena, barabara za kuingia katikati ya Nairobi zikafungwa, na watu wengine wakapoteza maisha.

Je, Sabasaba hizi mbili hazina uhusiano?

Ukizitazama haraka unaweza kusema hazifanani kabisa. Moja ni siku ya chama kuzaliwa, nyingine ni siku ya risasi. Lakini ukikaa ukatafakari utaona zinauliza swali moja: je, wananchi wa kawaida wana haki ya kukusanyika, kuunda chama chao na kusema wanavyotaka kutawaliwa?

Mwaka 1954 Watanganyika walimuuliza mkoloni swali hilo. Mwaka 1990 Wakenya waliiuliza serikali yao wenyewe.

Na tusijifanye kwamba sisi wa Tanzania hatukuwahi kuulizwa. TANU iliyozaliwa kudai sauti ya wananchi ilifika mwaka 1965 ikawa, kwa mujibu wa sheria, chama pekee Tanzania Bara. Hali hiyo iliendelea hata baada ya TANU kuungana na ASP ya Zanzibar na kuzaliwa CCM mwaka 1977. Vyama vingi viliruhusiwa tena mwaka 1992, mwaka uleule ambao Kenya ilifanya uchaguzi wake wa vyama vingi. Wakati Wakenya wanauawa kwa dai hilo Julai 1990, sisi nasi tulikuwa tumeanza mjadala wetu, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliosema suala hilo lizungumzwe bila woga.

Ndiyo maana sasa nikiwatakia Watanzania Sabasaba njema, siachi kuwakumbuka wa Kamukunji. Hizo si habari mbili zinazogombana.

Kiswahili kilipewaje siku hii?

Novemba 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, lilitangaza kwamba Julai 7 ya kila mwaka itakuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa lugha ya Kiafrika kupewa siku yake na shirika hilo. Iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Julai 7, 2022.

Hapa hakuna bahati hata kidogo. Tarehe ilichaguliwa kwa makusudi, kwa kuikumbuka TANU. Chama kile kilitumia Kiswahili kuunganisha nchi yenye makabila zaidi ya 120. Mchaga, Mnyamwezi, Mmakonde na Mzaramo walikaa mkutano mmoja wakaelewana. Katika nchi nyingi za Afrika harakati za uhuru ziliendeshwa zaidi kwa lugha ya mkoloni, na mkulima akabaki akisubiri kutafsiriwa. Kwetu mkulima alimsikia mwenyewe msemaji, akapiga makofi au akakataa, bila kungoja mtu wa katikati.

Leo UNESCO inakadiria kwamba Kiswahili kina wazungumzaji zaidi ya milioni 200. Ni lugha rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka 2019 jumuiya ya SADC iliifanya lugha yake rasmi ya nne. Februari 2022 Umoja wa Afrika uliipokea kuwa lugha ya kazi, na Julai mwaka huohuo baraza la mawaziri la Uganda likaipitisha kuwa lugha rasmi ya nchi hiyo.

Na kwa kuwa sisi ni watu wa redio, niongeze hili. Umoja wa Mataifa ulianza matangazo yake ya redio kwa Kiswahili tangu miaka ya 1950, miaka ileile ambayo Nyerere alikwenda New York.

Kwingineko duniani, Julai 7

Haya ni machache kati ya mengine ambayo utanisikia nikiyasoma siku hiyo.

1937: Askari wa Japani na wa China walipigana karibu na daraja la Marco Polo, nje kidogo ya Beijing. Mapigano hayo yakafungua vita kamili kati ya nchi hizo mbili, vilivyodumu hadi 1945.

1940: Alizaliwa Ringo Starr mjini Liverpool, Uingereza. Ndiye mpiga ngoma wa kundi la Beatles.

1974: Ujerumani Magharibi iliifunga Uholanzi mabao 2-1 mjini Munich, ikachukua Kombe la Dunia.

1978: Visiwa vya Solomon, katika bahari ya Pasifiki, vilipata uhuru kutoka kwa Uingereza.

1981: Alizaliwa Mahendra Singh Dhoni, nahodha aliyeiongoza India kutwaa Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2011.

1998: Moshood Abiola alifariki akiwa kizuizini Nigeria. Ndiye aliyeonekana kushinda uchaguzi wa rais wa Juni 12, 1993, ambao wanajeshi waliufuta. Kifo chake kilikuja wakati watu wakitarajia kwamba ataachiwa huru. Hapa tena, tarehe ileile na swali lilelile la kura ya mwananchi.

1999: Serikali ya Sierra Leone na waasi wa RUF walitia saini mkataba wa amani mjini Lomé, Togo. Mapigano hayakuisha siku hiyo, lakini ilikuwa hatua.

2005: Mabomu yalilipuka katika treni tatu za chini ya ardhi na basi moja mjini London, yakaua watu 52 pamoja na washambuliaji wanne. Siku moja tu kabla, mji huo ulikuwa ukishangilia kuchaguliwa kuandaa Olimpiki ya 2012.

2014: Alifariki Alfredo Di Stéfano, mchezaji aliyeijengea jina Real Madrid miaka ya 1950.

2019: Viongozi wa Afrika waliokutana Niamey, Niger, walizindua rasmi hatua ya utekelezaji wa Eneo Huru la Biashara la Afrika.

Nimeacha mengi. Lakini hata kwa haya machache unaona kwamba katika tarehe moja kuna kuzaliwa, msiba, kombe, bomu na mkataba.

Ni bahati, au kuna siri kwenye tarehe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi. Wapo wanaoamini kwamba namba saba ina nguvu zake. Mimi nasema tutenganishe mambo mawili: tarehe zinazokutana zenyewe, na tarehe ambazo watu wamezikutanisha.

Tuanze na zinazokutana zenyewe. Mwaka una siku 365 tu, na watu duniani ni zaidi ya bilioni 8. Ukigawanya, kila tarehe inapata watu zaidi ya milioni 20. Kwa Tanzania peke yake, sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Wangegawanyika sawasawa, kila tarehe ingekuwa na watu kama 169,000. Kwa hiyo kuzaliwa siku moja na mtu maarufu si jambo la ajabu. Ajabu ingekuwa kumkosa.

Sasa chukua kikundi chenu cha VICOBA chenye wanachama 30. Unadhani kuna uwezekano gani wa kukuta wawili kati yenu wamezaliwa tarehe moja? Wengi husema ni mdogo sana, kwa kuwa 30 ni kidogo mbele ya 365. Hesabu inasema uwezekano ni asilimia 71 hivi. Sababu ni kwamba hatutafuti mtu wa kufanana na wewe tu. Tunalinganisha kila mmoja na kila mwenzake, na watu 30 wakipangwa wawiliwawili wanatoa jozi 435. Hata watu 23 tu wanatosha kufanya uwezekano uzidi nusu kwa nusu. Darasa la wanafunzi 50 hufika asilimia 97. Lakini ukitaka mtu wa kufanana na tarehe yako wewe hasa, hapo unahitaji watu 253 ndipo uwezekano ufike nusu. Jaribuni kwenye kikao kijacho, ni mchezo mzuri wakati mnasubiri mweka hazina.

Ringo Starr na Dhoni, basi, wamekutana Julai 7 kwa bahati tu. Hakuna aliyepanga.

Sasa zile zilizokutanishwa. Angalia Februari 5. ASP ilizaliwa Zanzibar Februari 5, 1957. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. CCM ikazaliwa Februari 5, 1977. Hiyo si bahati. Viongozi walitaka jambo jipya lipate heshima ya la zamani. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, ikawa jamhuri Desemba 9, 1962. Kenya ilifanya vilevile, uhuru Desemba 12, 1963, jamhuri Desemba 12, 1964. Siku ya Kiswahili nayo iko kwenye kundi hili.

Kuna na jambo la tatu ambalo wengi hawalifikirii: tarehe moja si moja kila mahali. Wamarekani husema mtu wa kwanza alikanyaga mwezi Julai 20, 1969, kwa sababu kwao ilikuwa bado usiku wa tarehe hiyo. Hapa kwetu ilikuwa saa 11 na dakika 56 alfajiri ya Julai 21. Ndiyo maana nikisoma jambo la nchi za mbali, natumia tarehe ya pale lilipotokea.

Kwa hiyo siri haiko kwenye tarehe. Kalenda ni kama mti wa uwanjani kijijini. Chini ya mti huohuo watu hufunga ndoa, huamua kesi, na hukaa matanga. Mti haukuyaleta hayo, ila anayepita hapo anakumbuka lake.

Na Julai 7 yako je?

Wasikilizaji wengine huniambia, "Hayo ya wakubwa tumeyasikia. Mimi hata siku yangu ya kuzaliwa siijui." Ni kweli. Wazee wetu wengi walizaliwa "mwaka wa njaa", au "mvua kubwa ilipobomoa daraja", au "mwaka wa uhuru, wakati wa mavuno". Walipokwenda kuandikishwa waliulizwa tarehe, na asiyekuwa nayo akawekewa Januari 1 au Julai 1 ili fomu ijae. Ukikuta ukoo mzima umezaliwa Januari 1, usishangae.

Ukitaka kuikaribia tarehe ya mzee wako, tumia matukio. Muulize: Tanganyika inapata uhuru ulikuwa umeanza shule? Mama yako alikuwa amembeba nani mgongoni? Mahindi yalikuwa mabichi au yameshavunwa? Kwa majibu matatu manne unaweza kuupata mwaka, na pengine mwezi. Hapo ndipo kuzijua tarehe kubwa kunamsaidia mtu wa kawaida, kwa sababu zinakuwa vigingi vya kufungia kumbukumbu za nyumbani.

Kwa watoto tusirudie kosa. Tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya kliniki itunzwe, na cheti cha kuzaliwa kifuatiliwe mapema. Mtoto atakihitaji shuleni, na atakihitaji tena akiwa mtu mzima anatafuta kitambulisho. Akizaliwa usiku, muulize mkunga ameandika tarehe ipi. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumanne", lakini kwenye karatasi siku hubadilika saa sita usiku.

Yule mama wa ng'ambo bado anatusikiliza. Mwaka uliofuata, asubuhi ya Julai 7, nilisoma habari ya TANU, nikasoma ya Kiswahili, kisha nikasoma ya Kamukunji na kunyamaza kidogo kabla ya wimbo. Ujumbe wake ukaingia tena: "Asante mwanangu. Leo umetutaja."

Kama kuna jambo lililotokea kijijini kwenu Julai 7 ambalo unadhani lisomwe hewani, iwe kisima kilichofunguliwa, shule iliyoanza au mtu mliyemzika, tuandikie kabla ya siku hiyo. Taja mwaka na mahali, na kama unaweza, taja mzee mwingine anayelikumbuka, ili tuhakikishe kabla ya kulitangaza.